Papa wa Orlando Hayupo, wa Osaka Bado Anauma

Nikisema kazi yangu ni kuhifadhi gemu za zamani, swali linalofuata huwa lilelile: "Unayo ile ya Aladdin?" Nami hujibu kwa swali: yenye upanga au isiyo na upanga? Mwaka 1993 zilitoka gemu mbili tofauti kabisa kutokana na filamu hiyo moja. Ya mashine ya Sega ilitengenezwa na Virgin chini ya David Perry, wachoraji wa Disney wakashiriki kuchora mienendo yake, na humo Aladdin anapigana kwa upanga. Ya Super Nintendo ilitengenezwa na Capcom, Shinji Mikami akiwa miongoni mwa wabunifu, na humo kijana hana upanga, anarukia maadui vichwani. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya gemu hiyo mpaka wakanuniana, kila mmoja akidai mwenzake amesahau utoto wake. Wote walikuwa wakisema kweli.

Ndivyo gemu za filamu zilivyokuwa. Leseni ilinunuliwa, kisha kila mashine ikapata toleo lake, wakati mwingine kutoka kwa watu wasiowahi hata kuonana. Spider-Man 2 ya mwaka 2004 inakumbukwa kwa utando wake: kwenye PlayStation 2 ulinata kwenye jengo lililopo kweli mbele yako, si angani, kwa hiyo ukikosa jengo unaanguka. Aliyenunua ya kompyuta alikuta gemu nyingine, nyepesi, ndani ya boksi lenye jina lilelile. Kwa hiyo mtu akiniambia gemu aliyoipenda utotoni ilikuwa ovyo au ilikuwa bora, siwezi kumjibu lolote kabla sijajua aliicheza kwenye mashine gani.

Kilichoamua ubora wa gemu hizi, mara nyingi, ni kalenda. Mwaka 1982 Howard Scott Warshaw alipewa takribani wiki tano kutengeneza gemu ya filamu ya E.T. kwa ajili ya mashine ya Atari 2600, ili iwahi mauzo ya Krismasi. Iliyobaki kila mtu anaijua: kaseti zisizouzika zikafukiwa dampo huko Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983, na zikafukuliwa mwaka 2014. Mimi humtetea Warshaw kila ninapopata nafasi. Ndani ya muda huo, karibu peke yake, aliunda ulimwengu unaoweza kuuzunguka na lengo unaloweza kulifikia. Tatizo ni kwamba unatumbukia shimoni kila baada ya hatua chache, na muda wa kulirekebisha hilo haukuwapo.

Sasa tazama GoldenEye 007, gemu ya jasusi James Bond. Filamu ilitoka mwaka 1995. Gemu ikatoka Agosti 1997, karibu miaka miwili baadaye, wakati hakuna tena tiketi ya kuuza. Kikundi kidogo cha Rare nchini Uingereza, wengi wao wakiwa hawajawahi kutengeneza gemu kabla ya hapo, kiliachwa kichelewe. Sehemu ya wachezaji wanne kugawana skrini moja, ambayo ndiyo watu wanailia mpaka leo, iliongezwa mwishoni mwishoni. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni nane. Kisha ikafungwa kabatini. Nintendo ndiyo iliyoitoa, Rare ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2002, na James Bond mwenyewe ana wenyewe. Pande zote hizo zilipaswa kukubaliana, na gemu haikurudi rasmi mpaka Januari 2023.

Kwa hiyo kuwa nzuri hakukuiokoa GoldenEye, kama vile kuwa mbaya hakukuiangamiza ile ya E.T. Gemu ya Deadpool ya mwaka 2013 iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, ikarudishwa, ikaondolewa tena mwaka 2017, na mchezo wenyewe haukuwa umebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni makaratasi. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena zikiwa mpya. Hizo ni gemu za kila aina, lakini zenye sura za waigizaji na nembo za studio ndizo ngumu zaidi kufufua.

Vivutio vya bustani za burudani vina kifo kingine. Gemu huuawa na mkataba. Kivutio huuawa na kiwanja. Bustani ina eneo lake, na filamu mpya ikija lazima ya zamani ipishe. Kivutio cha Jaws, ile filamu ya papa, katika Universal Studios Florida mjini Orlando kilifunguliwa 1990, kikaharibika mfululizo mpaka kikajengwa upya na kurudi 1993, kisha kikafungwa moja kwa moja Januari 2, 2012. Mahali pake pakajengwa mtaa wa Diagon Alley wa Harry Potter, uliofunguliwa 2014. Bahati ni kwamba bustani ya Universal ya Osaka, Japani, ilijenga pacha wake, na papa huyo bado anaibuka majini. Back to the Future: The Ride haikupata bahati hiyo: Florida na Hollywood ilifungwa 2007, Osaka ikafuata 2016.

Hapa ndipo kazi yangu inapokwama. Kaseti nikiisoma, naweza kuthibitisha kwamba nakala yangu inalingana na ya awali biti kwa biti. Kivutio nitakilinganisha na nini? Filamu ya Back to the Future: The Ride ipo kwenye diski za nyumbani, lakini Douglas Trumbull aliitengeneza kwa ajili ya kuba kubwa linalokuzunguka, huku gari la watu wanane likiinuka na kuyumba chini yako. Kwenye televisheni unaona picha zilizopinda, na mwili wako umetulia kitini. The Great Movie Ride ya Disney, iliyofungwa Agosti 2017, ilikuwa na wafanyakazi walioigiza jambazi anayeteka gari la abiria. Kila mmoja aliigiza kwa namna yake, hivyo hakuna toleo moja la kuliita halisi. Na yule King Kong wa Hollywood wa mwaka 1986, sokwe wa mashine, alikuwa akipumulia watalii harufu ya ndizi. Aliungua katika moto wa Juni 2008. Harufu ile sina pa kuiweka.

Ndiyo maana napenda, kwa sababu zisizohusu uchezaji, gemu moja mbovu sana ya GameCube ya mwaka 2001: Universal Studios Theme Parks Adventure. Unazunguka bustani ukiokota takataka ili upate pointi. Inachosha. Lakini ni gemu ya vivutio vya filamu, na vivutio kadhaa vilivyomo havipo tena duniani, ile Back to the Future ikiwamo. Vipimo vyake siviamini hata kimoja, kwa kuwa umbali umefupishwa na majengo yamesogezwa. Ninachokitafuta humo ni mpangilio: kipi kilikuwa jirani na kipi, mgeni alikaribishwa vipi, nini kilionekana muhimu kuigizwa.

Mwaka 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba kuwapa watafiti gemu za zamani kwa mbali kupitia intaneti, kwa hiyo mtafiti bado anapaswa kusafiri mpaka ilipo kaseti.

Kwa wenye mikanda ya video ya likizo za familia katika bustani hizo: msiikate kabla ya kuihamishia kwenye kompyuta. Wengi huninyofolea sehemu ya kivutio chenyewe, wakidhani ndiyo ninayoitaka, ilhali hiyo imepigwa na kila mtu. Nipeni foleni. Matangazo ya vipaza sauti, televisheni za ukutani zilizosimulia hadithi kabla hujapanda, mabango, mfanyakazi akielekeza watu wapande gari lipi: hayo karibu hakuna aliyeona haja ya kuyarekodi, ila aliyesahau kuzima kamera.