Uraia wa Lithuania kupitia babu: yanayosemwa na ukweli wake

"Babu yangu alizaliwa Lithuania, basi haki ninayo."

Maombi mengi huanguka hapa kabla hata ya kufika kwenye karatasi. Sheria haiulizi babu alizaliwa wapi. Inauliza alikuwa raia wa dola gani. Lithuania ilitangaza uhuru tarehe 16 Februari 1918. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya dola ya Urusi, na aliyeondoka enzi hizo aliondoka akiwa raia wa Kaisari wa Urusi. Upande wa pili kuna tarehe 15 Juni 1940, siku jeshi la Kisovieti lilipoikalia nchi. Anayerejeshewa uraia ni mtu aliyekuwa raia wa Lithuania kabla ya siku hiyo, au mtoto wake, mjukuu wake, au kitukuu chake.

Tofauti hii inaonekana vizuri Afrika, kwa sababu Wayahudi wengi wa Afrika Kusini wana asili ya Lithuania. Joe Slovo, aliyekuwa kiongozi wa Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la chama cha ANC, na baadaye waziri katika serikali ya Mandela, alizaliwa Obeliai mwaka 1926, Lithuania ikiwa tayari ni dola huru, akahamia Afrika Kusini akiwa mtoto. Helen Suzman, mbunge aliyepinga ubaguzi wa rangi miaka mingi, alizaliwa Germiston mwaka 1917, na wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Lithuania hiyohiyo. Hata hapa kwetu yupo Abraham Block, ambaye jina lake haliachani na historia ya hoteli ya Norfolk, Nairobi: alifika Kenya mwaka 1903. Wote asili yao ni moja, lakini kwa tarehe, ukoo kama wa Slovo ndio unaoanza na mguu mzuri. Waliotoka kabla ya 1918 hawakuondoka wakiwa raia wa Lithuania, na wajukuu wao watahitaji ushahidi kwamba mzee alikuja kuuchukua uraia huo baadaye, kwa mfano pasipoti ya Lithuania aliyopewa miaka ya 1920.

Basi swali la kwanza kumuuliza shangazi anayetunza picha za zamani ni hili: waliondoka mwaka gani?

"Alitoka Vilnius, mji mkuu, hapo hakuna ubishi."

Ubishi upo. Vilnius ilishikwa na Poland mwaka 1920 ikabaki mikononi mwake hadi Septemba 1939 ilipotekwa na Wasovieti, walioirudisha kwa Lithuania Oktoba mwaka huo, na miaka hiyo ya Poland makao ya serikali ya Lithuania yalikuwa Kaunas. Aliyeondoka Vilnius mwaka 1930 aliondoka na pasipoti ya Poland. Aliyekuwapo mji uliporudishwa, habari yake ni nyingine, na ushahidi wake hutafutwa peke yake.

Kuna pia mkanganyiko wa majina. Karatasi za zamani zitasema Kovno badala ya Kaunas, Ponevezh badala ya Panevėžys, Shavli badala ya Šiauliai, Memel badala ya Klaipėda. Tena katika simulizi za familia za Kiyahudi, "Lita" ilikuwa pana kuliko nchi ya leo. Iligusa Minsk na Grodno, ambazo sasa ziko Belarus, na Dvinsk, ambayo leo ni Daugavpils ya Latvia. Utafute mji kwenye ramani ya 1930, si ya leo.

"Uraia huu ni wa Walithuania wa damu."

Si kweli, na uvumi huu umewakatisha tamaa watu wenye haki kamili. Kurejeshewa uraia hakutazami kabila wala dini. Myahudi, Mpolandi, Mjerumani au Mrusi aliyekuwa raia wa Lithuania kabla ya 15 Juni 1940 anahesabiwa sawasawa na Mlithuania.

Chanzo cha uvumi ni kwamba kuna mlango wa pili, nao kweli unatazama asili. Mtu ambaye mzazi, babu au bibi yake ni Mlithuania kwa kabila, na mwenyewe anajihesabu Mlithuania, anaweza kuomba uraia kwa utaratibu uliorahisishwa, hata kama mzee huyo aliondoka kabla ya 1918. Lakini kwa kawaida mlango huu unamtaka auache uraia alio nao. Ukichanganya milango hii miwili utakusanya ushahidi usiotakiwa, huku unaotakiwa umeuacha kabatini.

Kipimo cha DNA hakisaidii mlango wowote kati ya hiyo. Kinaonyesha asili ya vinasaba. Uraia wa mtu mwaka 1940 hakiuonyeshi.

"Lithuania hairuhusu uraia pacha."

Kwa jumla ni kweli: ibara ya 12 ya katiba inaukataza, isipokuwa katika hali za kipekee zilizotajwa na sheria. Kura ya maoni ya Mei 2024 ilitaka kulegeza ibara hiyo. Wengi wa waliopiga kura walikubali, lakini ilihitajika zaidi ya nusu ya wapiga kura wote walioandikishwa, na haikufika.

Lakini wazao wa raia wa kabla ya 1940 wamo ndani ya zile hali za kipekee, ikiwa mzee wao alipelekwa uhamishoni kwa nguvu au aliondoka Lithuania kabla ya tarehe 11 Machi 1990, siku uhuru uliporejeshwa. Wao huushika uraia mpya bila kuuacha wa zamani, mradi nchi yao ya sasa nayo inaruhusu. Hiyo ya mwisho isisahaulike: Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, sheria ya Tanzania ndiyo itakayomnyang'anya wa kwanza.

Kuna maelezo ya zamani bado yanazunguka, kwamba lazima uthibitishe mzee alikimbia mateso. Ni kweli waombaji, wakiwemo wa Afrika Kusini, walikataliwa kwa hoja kwamba wazee wao waliondoka kwa hiari kabla ya vita. Bunge lilirekebisha sheria mwaka 2016, na sasa kuondoka kunatosha. Walioachwa nje ni waliohamia kwenye maeneo mengine ya Muungano wa Kisovieti baada ya 15 Juni 1940. Hao hawahesabiwi kuwa waliondoka.

"Nikipata mimi, familia nzima imepata."

Mume au mke hapati kitu kwa njia hii. Kilembwe naye yuko nje ya orodha, kwa kuwa sheria inaishia kwa kitukuu. Lakini mtoto anayezaliwa baada ya mzazi kuwa raia ni raia kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa. Anayetarajia kupata watoto asichelewe kuomba.

"Karatasi ziliteketea vitani."

Nyingi zipo. Miaka ya dola huru, kila mkazi wa kuanzia umri wa miaka 17 alitakiwa kuwa na pasipoti ya ndani, na mafaili yake yamehifadhiwa katika Hifadhi Kuu ya Taifa huko Vilnius na katika hifadhi ya mkoa wa Kaunas. Huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote. Hupatikana pia kumbukumbu za jeshi, utumishi wa serikali, shule na kazi. Vizazi na ndoa viliandikwa na parokia na marabi, kwa hiyo unapouliza, taja dini ya familia. Taja pia jina la baba wa mzee: watu wenye jina na ukoo mmoja walikuwa wengi, na jina la baba ndilo linalowatenganisha.

Kazi ngumu ni kuunganisha mnyororo: cheti cha kuzaliwa chako, cha mzazi, cha babu, na vyeti vya ndoa kila jina la ukoo lilipobadilika. Kagan wa Johannesburg aliandikwa Kaganas kule Kaunas. Mkewe ni Kaganienė na binti yake Kaganaitė, na hao ni nyumba moja. Tarehe nazo hupishana siku 12 au 13 kwa sababu Urusi ilitumia kalenda ya Julian hadi 1918. Tofauti za aina hii zinaelezeka. Jina lililobadilishwa bandarini bila hati yoyote ni tatizo zito zaidi, na huenda likahitaji uamuzi wa mahakama kuthibitisha kwamba majina mawili ni mtu mmoja.

Hati za nje huhitaji muhuri wa apostili, yaani muhuri wa kimataifa unaothibitisha kwamba hati ni halali, au uthibitisho wa kibalozi kama nchi iliyozitoa haimo katika mkataba wa apostili, kisha tafsiri ya Kilithuania. Utangulie muhuri, tafsiri ifuate, ili na muhuri wenyewe utafsiriwe. Wengi hugeuza mpangilio huu wakalipa mtafsiri mara mbili.

"Kuna mtihani wa lugha."

Haupo kwa anayerejeshewa uraia, wala hatakiwi kuwa ameishi Lithuania. Ombi hujazwa katika mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Uhamiaji, uitwao MIGRIS, ukiambatanisha nakala. Baadaye unafika mwenyewe na hati halisi, kwenye idara au ubalozini, kwa miadi. Pasipoti haiji pamoja na uamuzi: huombwa peke yake, baada ya uraia kurejeshwa.