Mgonjwa wa KCMC si wa kufanyiwa majaribio
Hapa Moshi bado wapo wanaoogopa hospitali ya KCMC wakidhani mgonjwa huachiwa wanafunzi wamfanyie majaribio. Sivyo. Hospitali hiyo ya rufaa, iliyofunguliwa 1971, inafundisha pia, na hofu inaanzia hapo. Mwanafunzi humuuliza mgonjwa maswali na kumpima, lakini uamuzi wa matibabu si wake. Daktari intern, yaani aliye kwenye mafunzo kazini, amekwishamaliza miaka 5 ya chuo; anayesomea ubingwa ni daktari kamili tayari. Juu yao wote yuko bingwa, anayepita raundi na kuwahoji mbele ya kitanda. Kwangu mimi, maswali yale anayorudiwa kuulizwa mgonjwa ni faida: ulichosahau kumwambia wa kwanza utamwambia wa pili. Na ukichoka kupimwa na wanafunzi, kataa tu. Ni haki yako, na matibabu yanaendelea.