Uteuzi wa Viungo na Maana Yake

Uteuzi wa viungo, yaani viunganishi vya mtandaoni ambavyo ukivibonyeza hukupeleka kwenye ukurasa mwingine, ni kazi ya mtu, au ya kikundi kidogo cha watu, kupekua mtandao, kuchagua humo vitu vichache vinavyostahili kutazamwa, kuviandikia maelezo mafupi, kisha kuwaelekeza wasomaji wakavione pale pale vilipo. Vitu hivyo huweza kuwa vya aina yoyote, lakini kazi hii imestawi hasa katika nyanja nne zinazopakana, yaani usanifu, sanaa, teknolojia na utamaduni. Anayeifanya tutamwita mteuzi, na kinachotoka mkononi mwake huenda kikawa ukurasa wa tovuti unaoongezwa kila siku, jarida la barua pepe la kila wiki, au mkusanyiko uliopangwa kwa mada. Umbo halibadilishi dhana. Kiini chake ni kwamba mtu fulani, anayejulikana walau kwa jina analolitumia, amekiona kitu kwa macho yake, amekipima, na yuko tayari kukishuhudia mbele ya wengine kwamba kinafaa kupewa muda.

Kwa sababu hiyo uteuzi haulingani na kusambaza. Anayebonyeza kitufe ili picha aliyoipokea iende kwa wengine amesambaza tu. Hakuchagua kitu kimoja kati ya vingi, hakuongeza neno, na mara nyingi hata hakujua picha ile ilitoka wapi. Wala uteuzi si kupakia upya, yaani kuichukua kazi ya mwingine na kuiweka kwenye ukurasa wako ili wageni waje kwako badala ya kwenda kwake. Mteuzi humtoa msomaji nje. Tovuti nyingi za kibiashara hufanya kila hila ili mgeni asiondoke, ilhali ukurasa wa viungo huwa umetimiza kazi yake pale mgeni anapoondoka upesi kwenda mahali ambapo asingefika peke yake.

Sehemu inayopuuzwa zaidi, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi yenyewe, ni yale maelezo mafupi. Tuchukue mfano wa ramani ya treni za chini ya ardhi za London, iliyobuniwa na Harry Beck mwaka 1931 na kuanza kutolewa kwa abiria mwaka 1933. Mtu anaweza kuiwekea kiungo na kuandika kwamba hii ni ramani nzuri ya zamani, na hapo msomaji hajapewa chochote isipokuwa amri ya kupendezwa. Mwingine ataandika kwamba Beck alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi katika ofisi iliyoshughulikia ishara za reli hiyo. Kwamba aliacha kufuata umbali halisi wa ardhini na kuzichora njia zote kwa mistari iliyonyooka, ya wima, ya mlalo na ya mshazari wa nyuzi 45, kwa kuwa abiria aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua mto uko umbali gani, bali anataka kujua abadilishe treni katika kituo kipi. Na kwamba waliopelekewa wazo hilo kwanza walilikataa. Maelezo hayo ni mafupi, lakini yanamwonyesha msomaji atazame nini atakapofika, na yanamwezesha kuamua kama ana haja ya kwenda. Mteuzi aliyeandika hivyo amejibu swali ambalo kila msomaji huwa nalo hata asipolitamka: kwa nini hiki, na kwa nini mimi?

Mfano huo huo unaonyesha pia kwa nini nyanja zile nne haziachani. Ramani ya Beck ni usanifu kwa kuwa inatatua tatizo la kusoma. Inategemea teknolojia, kwani bila mtandao mkubwa wa reli lisingekuwapo tatizo la kutatua. Watu huitundika ukutani kama sanaa. Na miji mingi ya dunia imeiga mtindo wake hata ukawa sehemu ya utamaduni wa kusafiri. Mteuzi halazimiki kuchagua rafu moja ya kuiwekea. Anaweza kuiweka jirani na mchoro wa saketi, na jirani ya huo akaweka maelezo ya mfumo wa maandishi ya nukta ambao Louis Braille aliuchapisha mwaka 1829. Vitu vitatu vilivyokuwa mbali vikisimama bega kwa bega, vinazungumzia jambo moja ambalo hakuna hata kimoja kinachoweza kulisema peke yake, nalo ni kiasi gani cha taarifa unaweza kukipunguza bila maana kupotea. Mpangilio wenyewe umekuwa hoja. Ndiyo maana watu wanaoifanya kazi hii kwa ustadi hujali sana kitu gani kinafuata kipi, na ndiyo maana mkusanyiko unaotaka kila kitu kiwe cha aina moja huchosha haraka, hata kama kila kilichomo ni kizuri.

Wazo lenyewe limetangulia mtandao. Mwezi Julai 1945 mwanasayansi wa Marekani, Vannevar Bush, alichapisha katika jarida la The Atlantic makala iliyoeleza mashine ya kufikirika aliyoiita memex, meza ambayo ingehifadhi maandishi na picha kwa wingi na kumruhusu mwenye nayo kuunganisha hati moja na nyingine hadi zikafanya njia inayoweza kufuatwa na mtu mwingine. Bush hakuishia kwenye mashine. Alitabiri kwamba ingetokea taaluma mpya ya watu watakaofurahia kazi ya kutengeneza njia zenye manufaa ndani ya wingi wa kumbukumbu za binadamu. Tabiri nyingi za aina hiyo huzeeka vibaya. Hii ilitimia, ijapokuwa wengi walioitimiza hawakulipwa.

Ilitimia kwa sababu ya uhaba. Tovuti ya kwanza ilipofunguliwa na Tim Berners-Lee huko CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, na hata miaka michache baadaye, hapakuwa na injini ya kutafuta yenye uwezo wa kutosha, hivyo orodha zilizoandikwa na watu ndizo zilizokuwa mlango. Watengenezaji wa kivinjari cha Mosaic walikuwa na ukurasa wa kutangaza tovuti mpya kuanzia mwaka 1993. Mwaka uliofuata wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza kuorodhesha tovuti walizozipenda, na orodha hiyo ikawa Yahoo. Desemba 1997 Jorn Barger alianza kuweka kila siku viungo vya alichokisoma mtandaoni, na ukurasa wake akauita kwa jina ambalo baadaye lilifupishwa kuwa blogu. Leo neno hilo huwafanya wengi wafikirie shajara au makala ndefu, lakini nyingi kati ya blogu za mwanzo zilikuwa orodha za viungo zenye maelezo ya sentensi moja au mbili.

Kisha zikaja injini za kutafuta zilizoegemea kazi ya wateuzi hao hao. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilikihesabu kila kiungo kama aina ya kura kwa ukurasa unaoelekezwa, na kura iliyotoka kwenye ukurasa unaoaminika ilikuwa na uzito zaidi. Kwa maneno mengine, kila mteuzi alipochagua kitu alikuwa, pengine bila kukusudia, anaifundisha mashine ni kurasa zipi zilizo bora. Mwaka 2003 Joshua Schachter alianzisha Delicious, huduma iliyowawezesha watu kuhifadhi alamisho zao hadharani na kuzibandika lebo, na kwa muda fulani uteuzi ukawa shughuli ya maelfu ya watu kwa pamoja. Baada ya hapo mitandao ya kijamii iliyameza mengi ya haya.

Katika mitandao hiyo, kinachofika mbele ya macho ya mtu huamuliwa kwa kiasi kikubwa na algoriti, yaani kanuni ambazo kompyuta huzifuata, na hapa ndipo dhana ya uteuzi inapohitaji kutofautishwa kwa uangalifu. Algoriti nayo huchagua, tena huchagua kutoka kwenye wingi ambao hakuna binadamu awezaye kuupitia. Lakini kipimo chake kikuu ni mwenendo uliokwisha kutokea: watu walitazama kwa muda gani, walibonyeza wapi, waliofanana na wewe walipenda nini. Mteuzi anaweza kuchagua kitu ambacho hakuna aliyekiomba na ambacho bado hakina mtazamaji hata mmoja. Zaidi ya hilo, mteuzi anaulizika. Msomaji aliyemfuata kwa muda huijua ladha yake na udhaifu wake, hujua kwamba huyu husifu kupita kiasi kila chenye fonti za zamani na yule hapendi chochote chenye rangi kali, na hupunguza uzito wa maneno yao ipasavyo. Hili si kusema kwamba uteuzi wa binadamu hauna kasoro. Mteuzi huona kile ambacho lugha yake, marafiki zake na mazoea yake humletea, na mikusanyiko mingi inayojivunia uvumbuzi huzungusha vitu vile vile kutoka vyanzo vile vile, kiasi kwamba kitu kimoja hupita katika kurasa kadhaa ndani ya wiki moja. Atakaye kuepuka hilo hana budi kutafuta kule ambako wenzake hawapiti, kwa mfano katika hifadhi za makumbusho, katika kumbukumbu za hataza, au katika maandishi ya lugha zisizosomwa na wengi.

Kuhusu kutaja chanzo, mteuzi ana madeni mawili. La kwanza ni kwa aliyekitengeneza kitu, na hilo halina mjadala. La pili ni kwa aliyekigundua kabla yake, nalo hubishaniwa. Mwaka 2012 mwandishi Maria Popova na wenzake walipendekeza alama mbili maalumu, moja ya kuonyesha kwamba kitu kimechukuliwa moja kwa moja kutoka kwa mteuzi mwingine, na nyingine ya kushukuru kwa msukumo wa mbali zaidi. Pendekezo hilo lilizua ubishi na alama zenyewe hazikushika. Naona sababu iko wazi: sentensi ya kawaida inayosema nimekiona kwa fulani inatosha, na haimhitaji msomaji ajifunze alama. Hata hivyo tatizo walilolitaja lilikuwa la kweli, kwa kuwa kutafuta ni kazi, na kazi isiyotajwa hudhaniwa kuwa haikufanyika.

Kisheria, kuelekeza ni tofauti na kunakili. Mwezi Februari 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Svensson, iliamua kwamba kuweka kiungo cha kazi iliyokwisha kuwekwa wazi kwa wote mtandaoni kwa idhini ya mwenye hakimiliki hakuhitaji ruhusa nyingine. Mwaka 2016 mahakama hiyo hiyo iliongeza sharti kuhusu kazi zilizowekwa bila idhini: anayeviweka viungo vyake kwa ajili ya faida huchukuliwa kuwa alipaswa kuchunguza. Kwa hiyo kukifuata kitu mpaka chanzo chake cha kwanza ni adabu na ni kinga pia.

Kufuata huko kumekuwa rahisi zaidi kwa upande mmoja na kugumu zaidi kwa upande mwingine. Makumbusho kadhaa makubwa yamefungua hazina zao. Metropolitan ya New York, kwa mfano, mwezi Februari 2017 iliruhusu picha zipatazo 375,000 za kazi zisizo na hakimiliki zitumiwe na yeyote bila malipo, kila moja ikiwa na ukurasa wake wenye jina la kazi, tarehe na namba ya usajili. Kwa upande wa pili, picha zinazotengenezwa kwa akili mnemba zimejaa, zikiwamo zinazodai kuwa majengo, samani au vitambaa vya kale ambavyo havikuwahi kuwapo. Kutafuta kwa kutumia picha yenyewe badala ya maneno husaidia kujua ilionekana wapi mwanzo, na picha isiyofika popote, isiyo na jina la mpiga picha wala la taasisi, ni afadhali iachwe hata kama inavutia.

Linabaki suala la viungo kufa. Kituo cha utafiti cha Pew kilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Huduma nzima hufungwa, kama GeoCities, iliyowapa watu nafasi ya tovuti za bure, ilivyofungwa mwaka 2009, na teknolojia huondolewa, kama ilivyokuwa kwa Flash, programu ya kuonyesha michoro inayosogea ndani ya kivinjari, mwishoni mwa mwaka 2020, na kazi nyingi za sanaa na michezo zilizoitegemea zikanyamaza. Kwa mteuzi hii ni hasara ya pekee, maana mali yake yote iko kwenye nyumba za watu wengine. Wengi hupeleka nakala ya ukurasa kwenye Internet Archive, iliyoanza kuhifadhi wavuti mwaka 1996, siku ile ile wanapouwekea kiungo, na baadhi huipitia mikusanyiko yao ya zamani ili kubadilisha viungo vilivyokufa kwa nakala hizo. Wengine huhakikisha kwamba maelezo yao daima yana jina la kazi, jina la aliyeitengeneza, mwaka na taasisi inayoihifadhi, ili atakayekuta kiungo hakifunguki aweze kuitafuta kazi hiyo mahali pengine.