Hungaria na maji ya watu wengine

Tafuta ramani ya Ulaya ya Kati inayoonyesha miinuko. Hungaria utaitambua bila kusoma jina: tambarare ya kijani, na milima imeizunguka karibu pande zote. Karpati imepiga upinde kaskazini na mashariki, Alpi zinaishia magharibi. Ni bakuli, na Wahungaria wanakaa chini yake. Kilele chao kirefu kuliko vyote, Kékes, kina mita 1,014 tu.

Kazi yangu ni haidrolojia, yaani elimu ya maji, kwa hiyo historia ya nchi hii naisoma kwa kufuata mito.

Wamagyar, mababu wa Wahungaria, waliingia humu mwaka 895 hivi, wafugaji wa farasi waliokuta malisho yasiyo na mwisho. Tambarare iliyowafaa wao iliwafaa pia maadui. Wamongolia walivunja jeshi la mfalme Béla wa Nne huko Muhi mwaka 1241, na majira ya baridi yaliyofuata wakavuka mto Danube juu ya barafu. Mwaka 1526, Waosmani (Waturuki) walipowashinda Wahungaria huko Mohács, mfalme kijana Lajos wa Pili alizama kijitoni akikimbia. Buda, leo sehemu ya Budapest, ilikuwa mikononi mwa Waosmani kuanzia 1541 hadi 1686, na katika miaka hiyo vijiji vingi vya tambarare vilihamwa.

Lakini mto wa kuufahamu ni Tisza. Danube ndiyo yenye sifa na madaraja. Tisza ndiyo iliyoumba nchi ya mashariki. Mteremko wake ni mdogo mno, hivyo ulikuwa ukijipinda huku na huku, na theluji ya Karpati ikiyeyuka mashamba hugeuka ziwa. Mwaka 1846, kwa mpango wa mhandisi Pál Vásárhelyi na msukumo wa Count István Széchenyi, kazi ya kuunyoosha ilianza. Vásárhelyi mwenyewe alifariki miezi michache kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi. Mapindo zaidi ya 100 yalikatwa, mto ukafupika kwa kilomita 450 hivi, na matuta yakajengwa kandokando.

Ngano ikapata mashamba, ila maji yaliyobanwa kati ya matuta yalipanda juu zaidi kuliko zamani. Machi 1879 tuta lilipasuka na mji wa Szeged ukabomoka karibu wote. Ulijengwa upya kwa barabara za mzunguko, na sehemu za barabara ya nje zikapewa majina ya miji iliyotuma misaada: Vienna, Paris, London, Berlin na mingineyo.

Mkataba wa Trianon wa 1920, uliochora upya mipaka ya Hungaria baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hutajwa kwa hesabu ya ardhi na watu. Ufalme wa kilomita za mraba 282,000, bila kuhesabu Kroatia, ulibaki na 93,000, na Wahungaria zaidi ya milioni 3 wakajikuta ng'ambo ya mpaka. (Wasomaji wa Kenya wanamjua Count Sámuel Teleki, aliyefika Ziwa Turkana mwaka 1888. Kwao, Transylvania, kulikuwa ndani ya ufalme huo; leo ni Romania.) Uchungu wa Trianon haujaisha. Mimi naona kuna hasara nyingine isiyosemwa sana: ukingo wa bakuli ulienda kwa majirani, na chemchemi zikaenda nao. Leo zaidi ya asilimia 90 ya maji ya juu ya ardhi ya Hungaria yanatoka nje.

Januari 2000 bwawa la taka za mgodi wa dhahabu lilipasuka karibu na Baia Mare, Romania. Sianidi, sumu kali, ikafuata vijito hadi Tisza, na upande wa Hungaria samaki zaidi ya tani 1,000 wakafa. Kabla ya hapo, mradi wa mabwawa ya Danube ambao Hungaria ilikubaliana na Czechoslovakia mwaka 1977 ulikuwa umezifikisha Hungaria na Slovakia, iliyourithi Czechoslovakia ilipogawanyika, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo ilitoa hukumu mwaka 1997.

Siku hizi tatizo limegeuka. Mifereji iliyochimbwa kuyafukuza maji inaendelea kuyafukuza hata miaka ya ukame, na kwenye nchi ya mchanga kati ya Danube na Tisza, iitwayo Homokhátság, maji ya chini ya ardhi yameshuka mita kadhaa. Baadhi ya wakulima sasa wanafunga milango ya mifereji ili mashamba yafurike kwa makusudi.