Raga ya wachezaji 13: kombe halipandishi timu daraja

Mashabiki wengi wa raga ya wachezaji 13 wameamini kwa miaka mingi kwamba klabu ya Uingereza ikibeba ubingwa wa ligi ya pili hupanda moja kwa moja kwenda Super League, ligi ya juu kabisa. Sivyo. Mwaka 1999 Hunslet waliifunga Dewsbury 12-11 katika fainali, lakini wakanyimwa nafasi ya kupanda. Mwaka uliofuata Dewsbury wenyewe walishinda fainali yao kwa pointi moja, nao pia wakakataliwa. Naona uchungu kila ninapowafikiria wachezaji wale, ambao uwanjani hawakubakiza deni lolote.

Mwishoni mwa msimu wa 2024 kupanda na kushuka kulianza kuamuliwa kwa alama ambazo kila klabu hupewa, jumla 20: mashabiki 5, matokeo ya uwanjani 5, fedha 4.5, uwanja 3 na kazi za kijamii 2.5. Katika mfumo huo, klabu yenye alama 15 au zaidi ilipata kiwango A na nafasi yake katika Super League ikawa salama. Wakefield Trinity, waliokuwa mabingwa wa ligi ya pili mwaka 2024, walipanda kwa sababu walifikisha alama 15.09, si kwa sababu ya kombe lenyewe.

Kwa hiyo klabu ndogo inayotaka kupanda inahitaji watazamaji wanaorudi kila wiki, hesabu zisizomtegemea tajiri mmoja, na uwanja wenye majukwaa na taa za kutosha, mambo ambayo hujengwa kwa miaka kadhaa, hata kikosi kiwe kizuri namna gani.