Kutemwa na lebo si kufa

Riziki yangu ni kukagua mikataba ya bendi, na nimechoka kuambiwa, "Kaka, tukisaini tu, tumetoka." Pacha wake ni ile imani kwamba bendi ikitemwa na lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki, imekwisha.

Watazameni Wilco, bendi ya roki ya Chicago. Mwaka 2001 walimaliza albamu ya Yankee Hotel Foxtrot, lebo yao, Reprise, wakaikataa. Jay Bennett, mpiga gitaa wao, akatoka kwenye bendi. Wilco wakaondoka na masta zao, yaani rekodi asili za albamu na umiliki wake, Septemba wakaiweka albamu nzima kwenye tovuti yao, yeyote aisikilize bure. Lebo nyingine, Nonesuch, wakawasaini, wakaitoa Aprili 2002, ikafika namba 13 kwenye Billboard, chati ya albamu ya Marekani. Kichekesho: Reprise na Nonesuch zote zilikuwa za kampuni moja, Warner. Tajiri mmoja kalipia mzigo uleule mara mbili!

Ila bendi zikisikia kisa hiki, zinashangilia advansi ya pili, yaani pesa ambazo lebo inawapa mapema mkisaini, na advansi ndiyo inayonipandisha presha. Jamani, ni deni. Tena halikatwi kwenye mapato yote ya albamu, linakatwa kwenye mrabaha wenu peke yake, yaani fungu lenu la mapato hayo. Chukua mfano: advansi dola 100,000, mrabaha asilimia 15. Albamu ikiingiza dola 100,000, mnadhani mmemaliza? Mmelipa 15,000. Lebo imebaki na 85,000 na bado inawadai 85,000. Mpaka ziingie kama dola 667,000 ndipo muanze kuona senti. Gharama za studio nazo kwa kawaida zimo kwenye deni hilohilo, na video mara nyingi pia. Halafu masta, baada ya nyinyi kulipa yote hayo, zinabaki kuwa za nani? Za lebo.

Lebo nayo ina hoja, nakiri. Albamu ikibuma, kwa kawaida haiwafuati nyumbani kudai. Hasara inaibeba yenyewe. Na Wilco hawakutemwa mikono mitupu: walikuwa na albamu tatu sokoni, na sehemu ya mashabiki wao walipatikana kwa pesa za Reprise hiyohiyo. Lebo yao wenyewe, dBpm, waliianzisha 2011 tu. Ndiyo maana bendi changa ikiniuliza isaini au isisaini, jibu langu leo laweza kupingana na la mwezi jana.

Kwenye masta sibadiliki. Kifungu cha lini zinarudi kwenu kama hakipo, rudisheni karatasi kwanza kiandikwe, ndipo mniletee.