Kori ni Makao Makuu, si Kundi Moja la Watu

Nimeulizwa tena wiki hii, na kwa kujiamini kabisa: kama kori ya Kijerumani, yaani kikosi kikubwa chenye makao makuu yanayoongoza divisheni kadhaa, ni divisheni mbili, Divisheni ya 52 ilifuata nini ndani ya Kori ya Akiba ya 14 pale Somme, Ufaransa, tarehe 1 Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia? Aliyeuliza alikwisha kuamua kwamba ramani inayoiweka humo imekosewa. Ramani iko sawa.

Kwa mwaka 1914 angepatia. Kori hiyo iliingia vitani na Divisheni ya Akiba ya 26, ya watu wa Württemberg, na ya 28, ya watu wa Baden, majimbo mawili ya Ujerumani. Mwishoni mwa Septemba ikafika upande wa Bapaume, ikazuiwa, ikachimba. Vijiji vya Thiepval, Beaumont-Hamel, Fricourt: huo ndio mstari wake.

Hapo watu hukimbilia kusimulia mahandaki. Subirini. Vita vya mahandaki vilitenganisha vitu viwili vilivyokuwa vikitembea pamoja, yaani makao makuu na askari. Divisheni huchakaa; ikishapondwa na mizinga, hutolewa ikaletwa nyingine. Lakini nyaya za simu zilizofukiwa ardhini, maghala ya risasi, vipimo vya mizinga mizito, ujuzi wa kila bonde, hivyo havihami. Basi makao makuu yakabaki na eneo, divisheni zikawa zinaingia na kutoka chini yake. Makao makuu ya namna hiyo, pamoja na divisheni zilizo chini yake kwa wakati huo, Wajerumani waliyaita Gruppe, yaani kundi. Na hiyo ya 52 iliundwa mwaka 1915 kwa rejimenti tatu badala ya nne za zamani, nyepesi kuhamishwa, ikawekwa kwenye kijiji cha Serre chini ya kamanda wa kori, Jenerali Hermann von Stein, kama wengine.

Vitabu husifu sana mpango huu. Mimi nasita. Siku ile ile ya Julai, Divisheni ya 36 ya Ulster, ya jeshi la Uingereza, iliteka ngome ya Wajerumani ya Schwaben, juu ya kilima karibu na Thiepval, na kabla ya usiku kwisha Wajerumani walikuwa wameirudisha. Kazi hiyo ilikuwa chini ya Divisheni ya Akiba ya 26, iliyokaa kwenye udongo ule karibu miaka miwili. Je, ni makao makuu ndiyo yaliyokijua kile kilima, au ni wale waliokichimba? Naelemea kwa wachimbaji.

Oktoba 1916 von Stein akaenda kuwa Waziri wa Vita wa Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani. Kori ikapata kamanda mwingine, namba ikabaki 14. Kwa hiyo ukitaka nikuambie kori fulani ilikuwa na nani, nitajie na mwezi.